Nafasi zilizotengwa kwa watu waliotengwa: niliyoyaona vyuoni India (uzi mrefu)

Chumbageni

Wakuu salaam.

Wiki iliyopita kwenye uzi wa wagonjwa wanaopelekwa India kutibiwa, mchangiaji mmoja aliandika kwamba ndugu yako akienda kupasuliwa kule, uulize kwanza kama daktari aliingia chuo kwa alama zake au "alibebwa" kwa nafasi wanazotengewa watu wa matabaka ya chini. Wengi wakamuunga mkono. Nilianza kumjibu palepale, jibu likanirefukia, nikaona nilifungulie uzi wake.

Nimesoma India miaka minne, uhandisi ujenzi, mji wa Pune, jimbo la Maharashtra. Chuo sitakitaja. Nilikwenda na mawazo yaleyale ya yule mchangiaji, nikarudi sinayo. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

Siku ya kuripoti tulikuta orodha imebandikwa ukutani nje ya ofisi ya udahili, karatasi kama sita zimeunganishwa kwa gundi. Kila mstari una jina, alama, na safu ya mwisho yenye herufi chache tu: SC, ST, OBC, OPEN, yaani vifupisho vya makundi ya tabaka, nitavieleza chini. Sisi wageni tulikuwa na karatasi yetu ya pembeni, maana nafasi za wageni huongezwa juu ya zile za kawaida, hazimpunguzii Mhindi yeyote. Nikaona jina langu, nikaondoka. Wenzangu wa Kihindi hawakuondoka. Walisimama pale wakishusha kidole kwenye ile safu ya mwisho, jina baada ya jina. Na Maharashtra jina la ukoo huandikwa mwanzo, kabla ya jina lako mwenyewe, na mara nyingi ukoo ndio unaotaja tabaka. Hivyo hata bila ile safu wengi wangejulikana. Jioni ya siku ileile darasa zima lilikuwa limeshajipanga, na hakuna aliyekuwa ametamka neno.

Mwaka wa pili nilihama hosteli ya wageni nikatafuta chumba cha kupanga na mwanafunzi mwenzangu wa darasa. Nyumba mbili zilitukataa. Ya kwanza kwa ajili yangu, ya pili kwa ajili yake. Mimi walinitazama tu ngozi. Yeye walimuuliza jina, akataja lake na la baba yake, akanyamaza. Mama mwenye nyumba akauliza tena: "Jina kamili?" Akalitaja la ukoo. Yule mama akasema amekumbuka kuna mpwa wake anakuja kukaa kile chumba.

Huyo mwenzangu alikuwa SC. Ndiye aliyenifundisha karibu yote nitakayoandika hapa.

Chumbageni

Naendelea. Kwanza utaratibu wenyewe, maana naona wengi tunaubishia bila kuujua.

Jamii ya Kihindu imegawanyika katika maelfu ya makundi ya kuzaliwa, kila kundi wanaliita jati. Unazaliwa humo, unaoa humo, na kwa karne nyingi hata kazi yako ilipangwa humo: huyu mfinyanzi, huyu dobi, huyu mchuna ngozi, huyu wa kuzoa vinyesi kwa mikono. Waliowekwa chini kabisa walihesabiwa najisi, hata kuwagusa ni kujichafua. Wengi wao leo hujiita Dalit, yaani waliopondwa. Serikali inawaita matabaka yaliyoorodheshwa, ndio hao SC. ST ni makabila yaliyoorodheshwa, wengi wao watu wa misituni na milimani. OBC ni matabaka mengine yaliyobaki nyuma, wakulima wadogo, wachungaji, mafundi wa kila aina. Sensa ya 2011 ilihesabu SC asilimia 16.6 ya Wahindi wote na ST asilimia 8.6.

Kwenye vyuo vya serikali kuu, asilimia 15 ya nafasi ni za SC, 7.5 za ST, 27 za OBC, na tangu 2019 asilimia 10 ni za maskini wa matabaka yasiyomo kwenye orodha hizo tatu. Jumla 59.5. Majimbo yana migao yao. Tamil Nadu imefika 69.

Zilizobaki zinaitwa za wazi, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea, hata Wahindi wenyewe. Nafasi ya wazi si ya tabaka la juu. Ni ya yeyote mwenye alama. Mtoto wa Dalit akipata alama za kuingia kwenye ile ya wazi, anaingia humo, na ile iliyotengwa inabaki kwa mwenzake.

Alama za kuingilia zinatofautiana kweli, sitaficha. Mtihani wa kuingia vyuo vya teknolojia vya IIT, kiwango cha chini cha SC na ST ni nusu ya kile cha nafasi za wazi. Udaktari, mtahiniwa wa kawaida lazima awe amewapita nusu ya waliofanya mtihani, na wa SC, ST na OBC awe amewapita asilimia 40. Lakini akishaingia anafanya mitihani ileile, inasahihishwa kwa kalamu ileile, alama ya kufaulu ileile. Mtihani wa kutoka hauna ile safu ya mwisho. Kwa hiyo daktari atakayempasua ndugu yako, awe alipitia mlango upi, wote wametokea mlango mmoja.

Sheshe01

Mkuu nimekusoma, lakini hujanishawishi. Mimi nimefanya kazi na Wahindi Dar miaka 11. Wanasema mpango ule uliwekwa wa miaka 10 tu, leo ni zaidi ya 70. Wanasema mtoto wa waziri wa SC anapata nafasi, na mtoto wa mpishi wa hekaluni, tabaka la juu lakini hana hata baiskeli, anaikosa kwa alama moja. Hiyo haki iko wapi? Umaskini hauna tabaka. Wangetenga kwa kipato basi.

Dokta wa Ndanda

Sheshe nakujibu hilo la alama, nimesoma udaktari huko, jimbo la Karnataka. Kwenye vyuo binafsi kuna nafasi za menejimenti, na nafasi za watoto wa Wahindi walioko ng'ambo. Hizo unaingia kwa pesa. Ada yake ni mara nyingi ya ile ya mwenzako mliyekaa dawati moja, na alama wanazokubali ni za chini sana. Miaka yote niliyokaa sikumsikia hata mtu mmoja akiuliza daktari wa nafasi ya kununua atapasua vipi watu. Aliyeulizwa kila siku ni yule wa nafasi iliyotengwa. Profesa mmoja alikuwa akigawa maiti za kujifunzia, akiwaambia watu wa "kategoria", yaani wa nafasi zilizotengwa, wakae meza ya nyuma kwa kuwa "hawatahitaji kuona sana". Alitamka mbele ya darasa zima na watu wakaandika noti zao.

Chumbageni

Dokta, ahsante. Hilo la meza ya nyuma nitalirudia.

Sheshe, umeuliza mambo matatu, nami nakujibu kwa heshima.

La miaka 10. Miaka 10 iliyoandikwa kwenye Katiba ya 1950 ilihusu viti vya bungeni na mabunge ya majimbo, na vimekuwa vikiongezewa muda kila vinapofika mwisho, sasa mpaka 2030. Nafasi za vyuoni hazikuwekewa ukomo. Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote, nililisikia hata kwa walimu wangu.

La mtoto wa waziri. Hapo una hoja, na ina historia yake. Kwenye OBC mtoto wa tajiri haingii. Mwaka 1979 iliundwa tume chini ya B. P. Mandal kuangalia matabaka yaliyobaki nyuma, ikatoa ripoti 1980, ripoti ikakaa kabatini miaka 10. Agosti 1990 waziri mkuu V. P. Singh akatangaza kwamba asilimia 27 ya ajira za serikali kuu zitakwenda kwa OBC, na nchi ikawaka: wanafunzi wa matabaka ya juu waliandamana miji mizima, wengine wakajichoma moto. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi, majaji tisa, ikakubali ile 27 lakini ikasema waliokwisha kupanda juu ndani ya OBC waondolewe. Wahindi wanawaita utando wa maziwa, ule unaoelea juu. Leo familia yenye kipato cha zaidi ya rupia 800,000 kwa mwaka inaondolewa, ingawa mshahara na mapato ya shamba hayahesabiwi hovyo, kuna kanuni zake. Vyuo vya serikali kuu vilianza kuwapokea OBC kwa mgao huo baada ya sheria ya 2006, na mahakama ikaipitisha 2008.

Kwa SC utando hauondolewi mpaka sasa. Agosti 2024, kwenye kesi ya jimbo la Punjab, baadhi ya majaji walisema nao wangepaswa kuchujwa, na mmoja wao, B. R. Gavai, yeye mwenyewe ni Dalit. Hivyo mjadala wako wanao wenyewe, tena mkali kuliko huu wetu.

La kipato ndilo nataka kulikalia. Nafasi za kipato zipo, ile asilimia 10 ya 2019, na mpishi wa hekaluni anaingia humo. Lakini nikwambie kitu nilichokiona kwa macho. Mwenzangu angeweza kuwa na pesa, yule mama bado angekumbuka mpwa wake. Hakuuliza mshahara wa baba. Aliuliza jina.

Mama Pili Moro

Mimi sina elimu ya chuo ila nimesoma yote. Chumbageni tuelezee huyo mwenzako. Kwao wanafanya nini? Alifikaje chuo?

Chumbageni

Mama shikamoo. Nitakueleza, kwa ruhusa yake, nimemwandikia jana.

Wanatoka wilaya ya Beed, upande mkavu wa Maharashtra. Ni watu wa Matang, kazi yao ya asili kusuka kamba na kupiga ngoma kwenye harusi za watu wengine. Wazazi wake ni wakata miwa. Mvua ikiisha, Oktoba au Novemba, watu kwa malaki wanaondoka kule na mikokoteni na malori kwenda mashamba ya magharibi ya jimbo, wanarudi mwezi wa tatu au wa nne. Mume na mke huhesabiwa kama panga moja, neno lao ni koyta, na wanalipwa kwa tani kama mtu mmoja mwenye mikono minne. Wanachukua pesa kwa mnyapara kabla ya msimu, kisha wanazikatia. Mmoja akiumwa, deni linaongezeka.

Mtoto anakwenda nao. Nusu mwaka shule ya kijijini, nusu mwaka kibanda cha nyasi shambani. Mwenzangu alibaki kwa bibi yake tangu darasa la tatu, ndiyo maana alisoma. Bibi alikuwa akimpeleka kunywa chai kwa muuza chai wa kijiji. Vikombe vya chuma vilitundikwa ndani. Vyao viwili vilikaa nje, juu ya boriti ya paa, na baada ya kunywa unavisuuza mwenyewe na kuvirudisha. Alifikiri kila mtoto ana kikombe chake kwenye boriti ya nje, mpaka siku alipomwona mwanafunzi mwenzake akitoka ndani na kikombe cha ndani.

Sasa mweke huyo kwenye mtihani mmoja na mtoto aliyepelekwa Kota. Kota ni mji wa Rajasthan unaoishi kwa tuisheni. Vijana kutoka nchi nzima wanapanga vyumba pale mwaka mmoja, miwili, wanafanya kazi moja tu ya kukaririshwa maswali ya mtihani wa kuingia IIT na udaktari. Mwenzangu alinipigia hesabu kwenye kona ya daftari: pesa ya msimu mzima ya panga la wazazi wake haikufika ada ya mwaka ya hapo, bado chakula na chumba. Yeye alisomea kwenye vitabu vya mtumba na mwanga wa taa ya barabarani nje ya ghala la pamba. Alipungukiwa alama kadhaa na yule wa Kota. Niambieni, hizo alama zilizopungua zinapima nini?

Mwalimu Wajir

Salamu kutoka Kenya. Hapa kwetu tumezoea. Miaka mingi wasichana wameingia vyuo vikuu vya umma kwa pointi pungufu kidogo, na Makerere iliwaongezea wasichana pointi 1.5 tangu 1990. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 56, inaitaka serikali iweke mipango ya makusudi kwa makundi yaliyoachwa nyuma. Nimefundisha kaskazini miaka 16 na nimewaona wasichana walioingia kwa pointi hizo wakirudi kuwa wakuu wa shule. Ila tofauti moja kubwa: kwetu hakuna anayemtengea msichana kikombe cha nje. Akishamaliza chuo, ile pointi imesahaulika. Chumbageni unavyosimulia, kwa Wahindi haisahauliki.

Ruzizi

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi ni wa huku Bukavu, mama yangu wa Rwanda, naomba niseme neno la tahadhari. Rwanda ya Habyarimana ilikuwa na mgao wa shule pia, waliuita iringaniza, nafasi kwa kabila na kwa mkoa. Kabila lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho. Mgao ule ulisemwa ni wa usawa, lakini ulikuwa wa kuwafungia Watutsi mlango, na mwaka 1994 vile vitambulisho vilitumika kwenye vizuizi vya barabarani kuchagua wa kuuawa. Sisemi India ni Rwanda. Nasema kila nikiona orodha yenye safu ya aina ya mtu, damu inanisimama. Serikali ikishakuandika, hujui nani atakuja kuisoma ile orodha kesho.

Chumbageni

Ruzizi, kaka, nimekaa na maneno yako tangu jana usiku. Pole kwa yote.

Nadhani tofauti ni ya nani aliomba kuandikwa. India, kabla ya kuwepo kwa orodha yoyote ya nafasi, kijiji kizima kilikuwa kinajua kikombe cha nani kiko kwenye boriti. Aliyekuja kuwatetea alikuwa mmoja wao, B. R. Ambedkar, aliyezaliwa 1891 kwenye tabaka la Mahar. Shuleni alikalia gunia lake mwenyewe pembeni, akilibeba kwenda na kurudi kwa kuwa hakuna aliyekubali kuligusa. Kiu ikimshika hakuruhusiwa kugusa bomba; mhudumu wa shule ndiye amfungulie. Mhudumu asipokuwepo, anarudi nyumbani na kiu. Alipokua, mfalme wa dola ya Baroda alimfadhili 1913 akaenda Columbia, New York, kisha London, akarudi na shahada za uzamivu, na ndiye aliyeongoza kamati iliyoandika rasimu ya Katiba ya India. Kifungu cha 17 kilipiga marufuku unajisi wa watu. Wao walidai waandikwe ili wahesabiwe.

Na si wazo lililoanza na uhuru. Mfalme Shahu wa Kolhapur, palepale Maharashtra, alitenga nusu ya ajira za serikali yake kwa matabaka ya nyuma mwaka 1902. Jimbo la Madras, kusini, walikuwa na mgao wao kwenye vyuo: katika kila nafasi 14, sita za Wahindu wasio Brahmin (Brahmin ni tabaka la makuhani, la juu kabisa), mbili za Wahindu walio nyuma, mbili za Brahmin, mbili za Dalit, moja ya Wakristo na machotara wa Kiingereza, moja ya Waislamu. Mwaka 1950 mwanamke wa Kibrahmin, Champakam Dorairajan, aliupinga mahakamani kwamba umemnyima udaktari, akashinda mpaka Mahakama ya Juu 1951, ingawa hata fomu ya kuomba hakuwa amejaza. Bunge likabadilisha Katiba mwaka uleule, badiliko la kwanza kabisa, kuweka kifungu cha 15(4) kinachoruhusu nafasi hizi. Kwa hiyo ukisikia udahili, ujue ni moja ya mambo ya kwanza kabisa yaliyoigusa Katiba ile ikiwa na mwaka mmoja na miezi.

Hata hivyo hofu yako ya orodha naikubali nusu. Ile karatasi ukutani haikuwa na sababu ya kuwekwa hadharani. Ofisi ijue, inatosha.

Sheshe01

Chumbageni, hapo kwa Kota umenipata kiasi. Sikujua kuhusu nafasi za wazi pia. Ila bado: kama nafasi wanapewa tangu 1950 na bado wanadharauliwa, si ina maana dawa haifanyi kazi? Labda nafasi zenyewe ndizo zinaleta dharau.

Chumbageni

Swali zuri sana, na ndilo lililonifanya niandike uzi huu.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili. Ukimtengea mtu chakula, umemkumbuka hayupo, umemfunikia sahani. Ukimtenga mtu, umemfukuza sahanini. Pale chuoni niliyaona yote mawili yakifanyika kwa mtu yuleyule, siku ileile. Serikali imemtengea kiti. Darasa limemtenga akiwa amekikalia.

Swali la kwanza wanalouliza wanafunzi wapya ni: umeshika nafasi ya ngapi kwenye mtihani wa kuingia? Linasikika kama mazungumzo ya kawaida, mimi mwenyewe nilikuwa najibu. Ni njia ya kuuliza jati bila kutaja jati. Ukitaja namba ya mbali, umejulikana. Kuanzia hapo vikundi vya maabara vinajipanga, noti za waliotangulia hazikufikii. Si maneno yangu tu. Kamati iliyoongozwa na Profesa Thorat ilichunguza AIIMS, chuo mashuhuri cha udaktari pale Delhi, ikaripoti 2007 kwamba wanafunzi wa SC na ST walibughudhiwa mabwenini mpaka wakahama na kujikusanya sehemu moja. Januari 2016 Rohith Vemula, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Hyderabad na mwanachama wa umoja wa wanafunzi wa Ambedkar, alijiua baada ya yeye na wenzake wanne kufukuzwa hosteli. Nchi nzima iliandamana.

Na mlango wenyewe hauko wazi kama watu wanavyodhani. Mwaka 2024 kijana wa Dalit kutoka Muzaffarnagar, baba yake kibarua wa siku, alipata nafasi ya uhandisi wa umeme IIT Dhanbad. Ada ya kushika nafasi ilikuwa rupia 17,500. Familia ilihangaika kuichangisha, na mtambo wa malipo ukafunga saa 11 jioni tarehe 24 Juni kabla hawajamaliza kulipa. Nafasi ikapotea. Alizunguka kwenye ofisi na mahakama miezi mitatu, mpaka 30 Septemba Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ilipoamuru achukuliwe. Mmoja aliyefika mpaka kwa Jaji Mkuu. Wasiofika wako wangapi?

Mwenzangu pesa zake za ufadhili wa SC zilichelewa mwaka wa tatu. Chuo kilimzuilia kadi ya kuingilia mtihani. Nilisimama naye dirisha la mhasibu, foleni ya watu kama 40, wote wana karatasi ya njano mkononi, na ile karatasi ya njano ilikuwa ya wanaofadhiliwa, kwa hiyo anayepita koridoni anajua. Karani akamwambia kwa sauti: "Nyie mnasomeshwa bure na bado hamna subira." Nilimchangia, rafiki zetu wawili wakachangia, mmoja wao Brahmin wa Nashik, nataka nimtaje kwa wema. Akafanya mtihani.

Kwa hiyo Sheshe, nafasi hazikuleta dharau. Dharau ilikuwepo kwenye boriti kabla bibi yake hajazaliwa. Nafasi zimeifanya ikutane na watu ambao zamani isingekutana nao darasani.

Dokta wa Ndanda

Naongeza moja. Dalit akibadili dini kuwa Mkristo au Mwislamu anapoteza haki ya SC. Agizo la 1950 liliwaweka Wahindu tu, Masingasinga wakaongezwa 1956, Wabuddha 1990. Nilikuwa na mwanafunzi mwenzangu Mkristo, kanisani kwao kijijini Wadalit wana benchi zao za nyuma mpaka leo, lakini kwenye fomu yeye si SC. Hapo hata mimi niliyeunga mkono utaratibu nasema umekosea.

Chumbageni

Kweli kabisa. Na kuna moja linalowauma Wamatang wenyewe. Kwenye SC ya Maharashtra, Wamahar, watu wa Ambedkar, walianza kusoma mapema, wengi wakamfuata kwenye Ubuddha 1956, na wamechukua sehemu kubwa ya nafasi. Mwenzangu alikuwa wa kwanza kijijini kwao kufika chuo. Alimpenda Ambedkar, alikuwa na picha yake ndani ya mlango wa kabati, lakini aliniambia usiku mmoja: "Hata kwenye foleni yetu sisi tuko nyuma." Ile hukumu ya Agosti 2024 iliruhusu majimbo kuigawa SC ndani kwa ndani ili walio nyuma zaidi wafikiwe. Alinipigia siku ile. Nilisikia mama yake akicheka nyuma.

Mama Pili Moro

Sasa yuko wapi huyo kijana?

Chumbageni

Mama, yuko palepale Maharashtra, anasimamia mifereji ya umwagiliaji. Wazazi wake msimu uliopita hawakwenda kwenye miwa, mara ya kwanza tangu waoane.

Zamani mama yake akimpigia simu, salamu yao ni "Jai Bhim", ndiyo salamu ya watu wa Ambedkar. Akiwa koridoni alikuwa anaishusha sauti mpaka inabaki pumzi, au anasema "haloo" tu na mama anaelewa. Mwaka wa mwisho alianza kuitamka ndani ya chumba, mlango ukiwa umefungwa. Niliondoka India sijamsikia akiitamka nje.

Mwezi wa sita mwaka huu alinitumia picha ya fomu ya udahili ya dada yake mdogo, anayeomba uuguzi. Alitaka nione mwandiko. Kisanduku cha kwanza ni cha jina la ukoo. Ameliandika lote, kwa herufi kubwa, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imebonyea.